Kiti cha Mbele cha Landrova

Mtu akikwambia kisiwani kwetu kuna gereji, muulize kwanza anaita gereji kitu gani. Kwa sehemu kubwa ya Kilindoni, gereji ni turubai, tairi bovu la kukalia, na mwanamume aliyejipaka oili mikononi ili aonekane ana kazi. Nimezizunguka zote. Nimekalia matairi yao, nimekunywa kahawa yao, nimesikiliza viapo vyao, na leo naweza kusema bila kumwonea mtu kwamba wengi wao hawajui tofauti ya gari na debe.

Nilikuwa natafuta fundi wa Landrova ya marehemu baba. Baba alikuwa msimamizi wa shamba la minazi, na shamba lilipobadilisha wenyewe, wale wa zamani walimwachia gari lile kama ahsante. Ni la kijani, la zamani hasa, lenye tairi la akiba juu ya boneti na vioo vya mlango ambavyo havipandi wala kushuka, unavisukuma pembeni kama dirisha la duka. Lilibeba mbata, zile nazi kavu za shamba, likabeba maharusi, likabeba wagonjwa na maiti wa vijiji vizima. Baba alipofariki liliegeshwa bandani nyuma ya nyumba yetu, Miburani. Kuku wakatagia ndani. Bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu, lakini chasisi huko chini ni chuma, na hewa yetu ya chumvi haijawahi kukionea chuma huruma.

Mimi, binti yake, wakati huo nilikuwa Dar es Salaam nafundisha sekondari. Nilipostaafu nikarudi kukaa na mama. Siku moja tuko uani tunachambua mchele, akaliangalia lile banda, akasema:

"Ile gari ikitengenezwa, mimi nataka kukaa mbele."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mama si mtu wa kutaka vitu. Lakini alisema vilevile mara ya pili, bila kuinua macho kwenye ungo.

Lazima nieleze. Enzi za baba, mama hakukaa mbele ya gari lile hata siku moja. Mbele palikuwa pa wageni. Alikaa shehe, alikaa bwana shamba, alikaa mnunuzi wa mbata kutoka Dar aliyekuwa ananuka sigara hadi kwenye kope. Mama alikaa nyuma kwenye benchi la chuma, pamoja na sisi watoto na magunia, ameshika bomba la turubai asirushwe nje. Siku baba alipomnunulia cherehani, cherehani ilikaa mbele. Naikumbuka. Baba aliifunga kwa kamba pale kitini isitikisike, akaifunika kwa shuka isipate vumbi, na mama, ambaye ndiye mwenye cherehani, akapanda nyuma akapata vumbi. Baba hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama, tena alimwogopa kama tulivyomwogopa sote. Ila mbele palikuwa pa wageni, na ikawa hata mashine ya kushonea ni mgeni kuliko mke.

"Lakini mama," nikamwambia, "kule Dar si nilikuwa nakukalisha mbele kila ulipokuja?"

"Lile lilikuwa gari lako."

"Na hili likipona, unataka nikupeleke wapi?"

"Popote. Mpaka barabara iishe." Akapepeta mchele, akaongeza, "Na ufanye hima. Magoti haya siyaamini tena."

Landrova ile iko juu sana kutoka chini. Kuingia mbele kunataka goti linalokunjika na goti linalosukuma, na mama wakati ule alikuwa bado anayo yote mawili, kwa shida. Mwaka mmoja zaidi, labda asingekuwa nayo. Kwa hiyo nikaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuwa kijana wa karibu na soko, maarufu kwa kutengeneza bodaboda. Alikuja nyumbani na spana moja mfukoni. Akaniamkia, akachungulia bandani, kisha akaniuliza, "Mzee yuko wapi, niongee naye?"

"Mzee yuko makaburini. Ukimpata, msalimie."

Akafungua boneti. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kama daktari wa kwenye tamthilia. "Mwalimu, hii injini tunaitoa. Tunatia ya Noah."

"Na giaboksi?"

"Ya Noah."

"Na usukani huu?"

"Tutapata wa Noah, upo mwepesi."

"Kwa hiyo mwisho wa yote utakuwa umenitengenezea Noah."

Hakuona aibu hata kidogo. "Lakini itatembea, Mwalimu." Nilimpa chai, akanywa, nikampa na njia. Wiki nzima nikasikia anavyowaambia watu sokoni kwamba mwalimu mstaafu ana gari la thamani lakini ana kichwa kigumu. La pili ni kweli.

Wa pili alikuwa fundi wa mashine za boti. Huyu alisifiwa sana na wavuvi wa kule dagoni, wale wanaokuja kwa msimu kutoka wilaya nyingine na kupiga kambi ufukweni. Kila mashine iliyowaharibikia baharini, aliifufua yeye. Nikamwambia mapema kwamba gari si boti. Akacheka. "Mwalimu, injini ni injini."

Nisimnyime haki yake: injini aliiwasha. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi na manyoya ya kuku, ikanguruma. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama akisikiliza, na nikaona uso wake ulivyolainika. Kwa ajili ya ule uso nikamwamini yule bwana, nikamwachia gari siku niliyompeleka mama hospitali kutazamwa magoti. Tulikuwa bado hatujafika hata kwenye lango la uani tuliporudi, harufu ikatulaki.

Alikuwa amekuja na mwenzake, fundi wa mashua. Wawili hao walikuwa wamelala chini ya gari, wakaona kutu imetoboa chasisi na mabati ya sakafuni, wakajadiliana, na wakafanya wanachokijua. Walichukua pamba, wakazichovya mafuta, wakazishindilia kwa patasi kwenye kila tundu, kalafati safi kabisa kama wanavyoziba mbao za mashua. Kisha wakaipaka chasisi yote mafuta ya papa. Yote, kutoka mbele hadi nyuma, tabaka mbili. Paka wa Miburani walikuwa wamekaa kulizunguka gari, wametulia, wanangoja kukaribishwa.

"Mwalimu," fundi akaniambia kwa fahari, "sasa hili hata likitumbukia baharini halivuji."

"Nani amekwambia nataka kwenda nalo baharini?"

Akamtazama mwenzake, mwenzake akamtazama yeye. Swali lilikuwa jipya kwao. Mama alijiziba pua kwa ncha ya kanga, akasema, "Hata pale mbele hapakaliki tena," akaingia ndani. Hakutania. Nilimsikia akikaa kitandani kwa kishindo, na nikawachukia wale mabwana wawili kutoka moyoni.

Sasa nikafanya kosa la watu waliosoma: nikatafuta kwenye simu. Huko kuna mabingwa. Kuna gereji za Dar zenye picha za magari ya kale yanayong'aa kama sahani za harusi. Nikampata mmoja, tukaongea, akasema lazima alione kwa macho yake. Akaja kwa ndege ndogo, akashukia kiwanjani Kilindoni na miwani myeusi na fulana yenye jina la gereji yake mgongoni. Alijipiga picha na gari kabla hajaniamkia. Aligonga bodi kwa kifundo cha kidole hapa na pale, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Mama, hii ni mali," akaniambia. "Naipakia kwenye kivuko, naipeleka Dar. Kule naikata hapa." Akaonyesha kwa kiganja, nyuma ya mlango wa dereva. "Hii nusu ya mbele inakuwa kaunta. Mahoteli ya ufukweni yanagombania. Mgeni anakaa, anapewa juisi yake juu ya boneti."

"Nataka litembee."

Akanionea huruma. "Gari la namna hii halihitaji kutembea, mama. Linahitaji kuonekana."

Nilimtazama yule mtu, na viatu vyake vyeupe, na miwani yake. Huyu ndiye aliyeitwa bingwa. Nikamwambia kiwanja cha ndege hakiko mbali, na kwa kuwa yeye amekwisha kuonekana vya kutosha, sasa atembee. Alienda kwa miguu, na sikumwita dereva wa bodaboda ingawa mmoja alikuwa pale pale ananisubiri nimwite.

Haya yote yalichukua muda, na magoti ya mama hayakuwa yananingoja. Akaanza kutumia mkongojo. Asubuhi moja nilimkuta uani, ameshika nguzo ya jiko, anapanda kigoda na kushuka, anapanda na kushuka, anahema. Aliponiona akajifanya anatafuta kitu kwenye paa la jiko. Nikarudi ndani nikalia kidogo, kisha nikavaa baibui nikaenda Kilindoni tena.

Hapo ndipo nilipoipata gereji ya maana. Ilikuwa pembeni kabisa ya mji, barabara ya kwenda Utende, na nilikuwa nimepita mbele yake mara nyingi nikidhani ni ghala, kwa sababu haikuwa na kelele. Sakafu ya saruji, imefagiwa. Spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake. Fundi mwenyewe mtu wa makamo, ana ndevu zilizochanwa, kazi aliisomea Tanga. Alipanga gari livutwe hadi kwake, akaingia chini yake, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alinawa mikono, akanawa na pua.

"Nani aliyefanya dhambi hii?" akauliza.

Nikampenda papo hapo.

Hakuniambia hakuna shida. Aliniambia shida zipo, tena nyingi, na akazitaja. Chasisi ikatwe vipande vilivyooza na kuchomelewa vipya. Breki zote zifumuliwe. Spea zitoke Dar kwa boti, na boti ina siku zake, kwa hiyo nisije nikamsimamia kichwani. "Likiwa tayari nitakuita. Ni gari la kazi hili, Mwalimu, au la nini?"

"La mama," nikamwambia. "Nataka mama alipande akiwa bado anaweza."

Akainamisha kichwa, mkono kifuani. "Basi nitalitengeneza kama la mama yangu."

Nilikwenda kuchungulia mara kadhaa, siwezi kudanganya. Kila mara nilikuta kazi ya kweli. Mishono ya kuchomelea iliyonyooka. Waya mpya zilizofungwa vizuri. Harufu ya papa imekwisha. Nikaanza kujigamba kwa majirani. Nilimwambia mama kwamba hatimaye tumempata mtu, akanijibu, "Tutaona," lakini asubuhi kigoda kilikuwa bado kinatoka jikoni kwa mazoezi yake.

Kiti cha mbele sikukitaja kwa fundi. Kiti kilikuwepo. Nani huagiza kitu ambacho hakikosekani?

Siku ya kuitwa, mama alioga mapema, akajifukiza udi, akavaa kanga mpya chini ya baibui. Tukapanda bajaji hadi gereji. Na gari, wallahi, lilikuwa zuri. Kijani kilekile cha zamani, si cha kubahatisha. Boneti inafungika. Taa mbili zinatazama mbele, hakuna iliyokengeuka. Fundi aliliwasha likanguruma taratibu bila moshi.

"Shikamoo, mama," fundi akamwamkia mama.

"Marahaba, baba. Mungu akubariki mikono."

"Bado hujaona, mama. Njoo huku."

Akamwongoza nyuma. Akafungua mlango. Lile benchi la chuma halikuwepo. Mahali pake palikuwa na kochi la mahameli nyekundu, pana, lenye godoro nene na mto wa mgongo. Kwenye madirisha ya turubai jipya pazia nyeupe zenye lesi. Chini ya mlango ngazi ndogo ya kukunjua, imevishwa mpira, na pembeni mpini wa kushika, kila kitu kwa ajili ya magoti ya mama. Mafundi wake wote walisimama wanatabasamu. Kilikuwa chumba cha bibi harusi.

"Mashallah," mama akasema. Akaligusa lile godoro kwa ncha ya vidole. Kisha akauegemea mkongojo wake, akalizunguka gari polepole, akafika mlango wa mbele wa kushoto, akaufungua.

Hapakuwa na kiti. Palikuwa na sanduku la mninga, limepigwa vanishi likang'aa, lenye kifuniko na kitasa cha shaba.

"Hilo la kutilia mikoba na chakula cha safari, mama," fundi akaeleza. "Mtu mzima kama wewe siwezi kukuacha ukae mbele, upigwe vumbi, uangaliwe na kila mpita njia. Wewe utakaa nyuma, umetulia, pazia zimeshuka."

"Kiti kiko wapi?" nikauliza.

"Ile mito yake ya zamani? Nimempelekea baba mkwe. Anakalia barazani."

Nililipuka. Sikumbuki yote niliyosema na sijutii hata moja. Nilimwambia kati ya mafundi wote wa kisiwa hiki, wezi wa muda, wapaka papa, yeye ndiye wa mwisho ambaye ningemtarajia. Nilimuuliza ni nani aliyemwomba kochi. Nilimwambia mama yangu amekaa nyuma umri wake wote na hakuhitaji fundi wa kumrudisha huko kwa mahameli. Watu wakatoka madukani. Mzee mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba baadhi ya wanawake wakisoma sana hawajui tena kushukuru.

"Mwalimu, nimekosa nini?" fundi akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nimemheshimu mama."

Na hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Yule wa Noah hakumwona mama kabisa, wala yule wa kaunta. Huyu alimwona, akamfikiria, akamshonea na pazia, na heshima yake yote ilimpeleka mama kulekule alikopelekwa na heshima ya baba. Nimechoka na heshima ya namna hiyo. Afadhali mtu anidharau, najua pa kumshika.

"Ngoja baada ya Alasiri," fundi akasihi, "nitaifuata ile mito mwenyewe, nitakirudisha kiti, kesho kutwa..."

"Nishike hapa," mama akasema.

Alikuwa ananiambia mimi. Mkongojo alishautupia ndani. Mkono mmoja ameshika fremu ya mlango, mguu mmoja ameuinua, umefika kwenye kingo ile ya juu, na goti linatetemeka. Fundi akakimbilia kumletea ile ngazi ya nyuma, mama akamzuia kwa kiganja. Nikamshika kiuno nikamsukuma. Akapanda, akageuka, akaketi juu ya sanduku. Lilikuwa refu kuliko kiti, ushungi wake ukakaribia kugusa paa.

"Mama, hilo ni gumu," fundi akasema, karibu kulia. "Utaumia. Subiri kidogo tu."

"Nimesubiri, baba. Ahsante kwa kazi nzuri." Akanigeukia. "Washa gari, twende Bweni."

Bweni ni ncha ya kaskazini, barabara inaishia huko. Na si barabara ya kukalia sanduku. Kila shimo lilimrusha mama akarudi na kishindo, na kila kishindo kilinipasua mimi. Nikapunguza mwendo, akaniambia nisimtembeze kama maiti. Alishika dashibodi kwa mikono miwili, uso mbele. Kirongwe watu walimwamkia kwa sauti kutoka pembeni, akawajibu kwa kuinua mkono kidogo, hivi, kama afisa aliyekuja kukagua. Nyuma yetu kochi la mahameli lilikwenda tupu, na pazia zake zinapepea.

Tulipofika mwisho wa barabara nikazima injini. Mama akaendelea kuangalia kioo cha mbele muda mrefu.

"Kumbe hakuna kitu," akasema.

"Wapi, mama?"

"Huku mbele. Ni barabara tu." Akavuta pumzi. "Miaka yote ile nilidhani wanaona kitu."

Nikawasha gari tukarudi.

Jioni nilimkanda kiuno kwa mafuta ya nazi. Aliwasema mafundi wote mmoja mmoja, akamsema mtu wa kaunta, akanisema na mimi kwa kutojua kukwepa mashimo. Nikamwambia kesho naenda kumnyang'anya yule baba mkwe ile mito. Akasema nisithubutu, mzee wa watu naye ana kiuno chake, nitafute godoro la kutandika juu ya sanduku palepale Kilindoni. Ila nifanye mapema, kwa sababu kesho asubuhi tunakwenda Utende, yeye atakaa mbele, na kule nyuma nipakie nazi.